Talaka Iliyofika Mara Mbili

Mlandege, Unguja

Kwa mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo mama. Hali yako vipi, na miguu yako, na hilo joto la Maskati ambalo najua hulipendi hata ukikaa ndani ya nyumba yenye kupozwa kwa mashine? Na ndugu yangu Yusra na mwanawe mchanga wanaendeleaje? Natumai mzazi anakandwa vizuri na anakunywa uji wake bila kukunja uso, ingawa akiwa mikononi mwako hana njia ya kukataa. Sisi huku tu hai, alhamdulillahi. Ningependa kukwambia tu wazima, lakini nimeahidi nafsi yangu kwamba katika barua hii sitakudanganya hata kwa salamu.

Usishangae mwandiko kuwa umelala ubavu. Nnaandika kwa mkono wa kushoto, na sababu utaikuta huko mbele. Barua nitampa Mwatum anayesafiri kuja huko Jumamosi, na nimemwapisha aiweke mkononi mwako mwenyewe. Sikutaka kukutumia sauti kwa sababu simu yako inashikwa na Yusra, na Yusra, Mungu amhifadhi, neno halimkai. Vaa miwani yako, kaa mahali peke yako, usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Ile sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza. Umesema nimekaa na watu baki kuivunja nyumba ya ndugu yangu wa tumbo moja, na kwamba ukirudi unataka umkute Salhiya kwa mumewe. Yussuf amekwambia simu yake mbovu ndiyo iliyomtoa mke mikononi, na mimi, dada yake fundi simu, nikashindwa kuisemea. Ameyasema ya upande wake. Sasa sikiliza na ya upande huu.

Simu ile ilianza kuharibika mara tu baada ya wewe kusafiri. Kila alichokituma kilifika mara mbili. Akiniandikia kuniuliza kama nimepata chaja ya boti, swali linakuja, kisha linakuja tena vilevile, herufi kwa herufi. Nilimwambia aje nayo dukani kwangu Mlandege niitazame, kazi ya muda mdogo tu. Akanijibu, mara mbili, kwamba simu yake ni mpya na haina kitu, na kwamba mimi nimezoea simu za maskini. Nilicheka, nikamwacha. Unamjua mwanao. Chake hakiharibiki, ila watu ndio wanaokiharibu kwa macho.

Wa mwanzo kulipia ni Hasan, yule muuza pweza wa Matemwe. Yussuf alimwandikia akiwa baharini na wageni wake wa kitalii amletee ndoo ya pweza, agizo likafika mara mbili, na Hasan akaja na ndoo mbili. Akaeleza kwa adabu kwamba ameagizwa mara mbili, akatoa na simu yake kuonyesha. Yussuf akaona anafanywa mwongo mbele ya wageni. Akaichukua ndoo moja pweza wakiwa ndani, akampiga nayo ya kichwa, na alipoanguka akampiga nayo tena, mpaka mpini wa ndoo ukakatika. Hasan alishonwa juu ya sikio. Pwani nzima ilimsikia Yussuf akipiga kelele kwamba simu yake haitumi mara mbili, na atakayesema inatuma mara mbili atamvunja meno. Yaweke moyoni maneno hayo, mama, maana mwenyewe aliyasahau upesi.

Kisha ikawa zamu ya Salhiya. Yussuf yuko kwenye boti, anamwandikia mkewe kumuuliza yuko wapi. Swali likafika. Salhiya akajibu yuko nyumbani, anachambua mchele. Swali likafika tena. Yule mtoto wa watu, ambaye hana hata ulimi wa kumjibu kuku, safari hii akaandika: nshakujibu. Neno moja tu hilo. Yussuf aliteremka kwenye boti na kipande cha mpira wa petroli mkononi. Alimpiga nacho mgongoni, mikononi, na kwenye nyayo alipojikunja chini ya meza. Salhiya alipomwonyesha simu yake, kwamba swali limekuja mara mbili ndiyo maana akajibu vile, Yussuf akaichukua ile simu akamsaga nayo mdomoni. Jino la mbele likaondoka, na la pili likabaki linaning'inia. Nilimkuta siku ya pili yake, mdomo umevimba hata maji anayanywa kwa kitambaa. Nilimpa simu ya zamani kutoka dukani. Nilitaka nimpe na kisu, nakwambia kweli, nikaogopa asijue kukitumia.

Hakuwa bado amepona alipoachwa. Sababu ya ugomvi hata yeye haikumbuki sawasawa, ilikuwa chumvi au ilikuwa shuka. Yussuf alitoka, na akiwa njiani akamwandikia: Nimekuacha. Nenda kwenu. Ikafika. Salhiya anasema hakuwa amemaliza kuisoma pale ilipofika tena: Nimekuacha. Nenda kwenu. Akafunga nguo zake ndani ya kanga, akapanda gari mpaka Amani kwa ami yake, Mzee Jaku, ndiye aliyemlea tangu wazee wake walipokufa.

Hapa ndipo palipo na uzito. Unajua kwamba talaka ya kwanza Yussuf alimpa mwaka juzi, akamrejea kabla eda haijesha, na wewe ndiwe uliyepika wali siku aliyorudi. Basi ikiwa safari hii ameandika mara moja, hiyo ni talaka ya pili, na ana haki ya kumrejea ndani ya eda, mwanamke apende asipende. Ikiwa ameandika mara mbili, talaka zimetimia tatu, na hapati tena kumgusa. Uhai wote wa Salhiya ulikuwa umesimama kwenye jambo hilo: mkono wa Yussuf ulibonyeza mara moja au mara mbili?

Siku ya tatu yake Yussuf alikwenda Amani kumchukua. Alisema mlangoni, mbele ya watu, kwamba amemrejea mkewe, na kwamba ameandika mara moja, simu ndiyo mbovu. Simu ile ile, mama, iliyokuwa nzima alipompasua Hasan, na nzima alipomvunja Salhiya meno. Mzee Jaku alipomzuia akamsukuma ukutani. Akamshika Salhiya nywele, akamburura kwenye kibaraza na kwenye zege la barabara, buibui limempanda mabegani, magoti yanachubuka, na wanawake wa mtaa wakatoka na michi na mafagio. Walimpiga mpaka akamwachia. Alirudi Matemwe na kishungi cha nywele mkononi. Hilo nadhani hakukwambia.

Ndipo wazee wa pande zote mbili walipokaa kwa Mzee Jaku, asubuhi, na Maalim Usi akaletwa asikilize. Maalim alimwambia Yussuf kwamba kwa sheria neno la mume juu ya idadi linakubaliwa, lakini kwa kuwa watu wamemsikia akikanusha ubaya wa simu hadi kumwaga damu, basi aape. Angeapa, mama, yangekwisha palepale. Na asingekuwa na dhambi, maana alikuwa anasema kweli, na hilo nitalirudia. Lakini Yussuf aliona kuapishwa kwa ajili ya mwanamke ni kuvuliwa nguo. Akasimama, akaitupa simu mezani. Akasema, na haya ni maneno yake mwenyewe: "Mimi siapi. Simu hiyo hapo, ipimeni. Ikituma mbili, nimeandika moja. Ikituma moja, basi nimeandika mbili, na huyo mwanamke mchukueni." Maalim akamuuliza kama ana uhakika na kauli hiyo. Akasema nshasema.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Wakakubaliana simu ipimwe baada ya alasiri, na mpaka hapo ikae na mtu. Wa kwao Salhiya waliogopa sisi tutaichezea, na sisi tukaogopa wao. Mzee Jaku akasema nipewe mimi, Tahiya ndiye fundi, na siku zote amekuwa mwema kwa Salhiya. Yussuf akacheka akasema nami sawa, huyo damu yangu. Akanipa, akaniambia niiweke tu, nisiiguse. Nikaitia mkobani nikaja nayo hapa dukani.

Baada ya alasiri tulirudi. Maalim Usi akaichukua simu kwa mkono wake, akamwandikia Mzee Jaku neno salaam. Ikafika moja. Wakangoja, haikuja nyengine. Akamwandikia mjomba wetu, ikafika moja. Mwisho akamwandikia Salhiya, aliyekuwa chumba cha pili na wanawake, na tukasikia simu yake ikilia mara moja tu, kisha kimya, kimya kirefu, mpaka mwanamke mmoja akaanza kulia kwa furaha. Maalim akasema kauli ameitoa mume mwenyewe, na talaka ni tatu.

Yussuf alinitazama mimi. Kisha akanyanyua chupa ya chai akaivurumisha chumba cha wanawake. Ilimpata Mzee Jaku aliyekuwa mlangoni, ikampasua juu ya jicho, na chai ya moto ikamwagikia kifuani. Akampitia juu yule mzee akiwa chini, akamfikia Salhiya, akamkaba shingo kwa mikono miwili. Ilibidi wanaume wamkalie. Mmoja wao Yussuf alimng'ata mkono mpaka nyama ikaonekana. Nami nilisimama pale, mama, nikimtazama ndugu yangu ana damu ya mtu mdomoni, na sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimwogopa, na nilimchukia. Nnakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku chache baada ya hapo akaja dukani kwangu. Ilikuwa mchana, watu wamejaa Mlandege wananunua, hata sikumwona mpaka alipokuwa keshaingia ndani ya kaunta. Alikuwa na nyundo ya kupigia misumari ya boti. Akaushika mkono wangu wa kulia akaulaza juu ya kioo, pale ninapoweka simu za wateja, akaniambia niende kwa Maalim nikaseme simu niliitengeneza. Nikanyamaza. Akapiga kidole cha shahada. Kioo kilipasuka pamoja na kidole, sikujua kipi kimelia. Akaniuliza tena. Nikanyamaza. Akapiga kinachofuata, kisha akaacha kuuliza, akawa anapiga tu. Nilisikia mtu anapiga mayowe nikadhani ni mteja, kumbe ni mimi. Khairat, jirani yangu anayeuza vitambaa, ndiye aliyeniokoa. Aliingia na ile rula yake ya chuma ya kupimia, akampiga nayo ya shingo, ya uso, ya shingo tena, akimtukana matusi ambayo sikujua kama mwanamke anayesali vile anayajua. Watu wakamkamata. Yuko rumande. Daktari anasema vidole viwili vitanyooka, na viwili havitanyooka tena. Kushika bisibisi ya simu, nisahau.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nnapazunguka tangu salamu.

Yussuf hakukosea, mama. Niliitengeneza.

Nilipofika dukani siku ile ya kupimwa nilijitumia meseji kwa simu yake, nipate tu kujua. Zikaja mbili. Nikaizima nikaiwasha, zikaja mbili. Nikaitoa laini nikaitia kwenye simu nyengine, ikaja moja, basi nikajua tatizo si mtandao, liko ndani ya simu. Nikatafuta. Kulikuwa na programu ya pili ya kutumia meseji, ile yenye marangi na maua, mtu kamtilia huko Matemwe, na hii na ile ya simu yenyewe zote mbili zilikuwa zinadaka anachoandika na kila moja inatuma. Nikaiondoa ile ya maua. Nikafuta na mabaki yake. Nikajitumia tena, ikaja moja. Nikatoka nikafunga mlango, nikaswali adhuhuri yangu, nikaomba Mungu anisamehe, na hata wakati nnaomba sikuwa nimejuta. Ningesema nilifikiri sana ningekuwa mwongo. Nililiona lile pengo la meno ya Salhiya, na mikono ikafanya kazi iliyoizoea.

Kwa hiyo aliandika mara moja. Talaka ilikuwa ya pili, na alipomrejea pale mlangoni Amani, mbele ya Mungu alimrejea.

Wakati ananipiga vidole, niliweza kunyamaza. Lakini Maalim Usi alikuja hospitali, akakaa mbali kidogo na kitanda kwa adabu yake, akaniambia Yussuf anadai simu imechezewa, na kwamba Jumatatu ya wiki ijayo baada ya alasiri atanihitaji niape kwamba simu ilifika mezani kama ilivyotoka mkononi mwa mwenyewe. Kunyamaza mbele ya nyundo ni jambo jengine, na kuushika msahafu kwa uongo ni jambo jengine. Siwezi. Na hata ningeweza, liko lililo zaidi. Salhiya hajui nilichokifanya. Amenenepa kidogo. Anacheka, anafunika mdomo kwa upande wa kanga. Na kuna mwalimu wa skuli pale Amani, mtu mpole, ameanza kutuma watu kuuliza eda itakwisha lini. Nikinyamaza, nitakuwa nimemwoza mke wa mtu kwa mtu mwengine, na yeye analala usingizi wake hajui. Dhambi yangu ningeibeba. Hiyo siwezi kumtwika yeye.

Basi Jumatatu nitasema kweli yote. Na nikishaisema, Salhiya ni mke wa Yussuf.

Nilimuuliza Maalim, kwa kuzunguka, mwanamke wa namna hiyo afanye nini. Akasema aende kwa Kadhi adai ndoa ivunjwe kwa madhara. Lakini mume atasema ni ugomvi wa kawaida, na yale ya Amani atasema alikuwa anachukua mkewe kwa hasira za siku moja, na atataka kusuluhishwa. Kinachohitajika ni mtu wa ndani ya nyumba, aliyeona kwa macho yake kwamba kupigwa ni desturi na kwamba kumefika kuua. Nilikaa na maneno hayo. Kisha Salhiya akaja kunilisha, maana mimi siwezi kukata nyama, na akiwa ananilisha akaniambia jambo ambalo hajapata kumwambia mtu.

Mama, ile mimba ya Salhiya iliyotoka nyumbani kwetu Mkunazini haikutoka kwa kuteleza ngazini. Mimi nilikuwa dukani, na uliponipigia uliniambia ameteleza, hospitali ukawaambia ameteleza, na kwenye mazishi ya kile kitoto, kilichokuwa na kucha tayari, ukawaambia watu ngazi zetu zimekuwa mbovu. Salhiya amenambia kwamba Yussuf alimpiga mateke ya tumbo hapo juu, kwenye ukumbi, wewe umesimama na sinia ya mchele mkononi. Alipoanguka akamfuata chini kila daraja. Na kwamba wewe uliteremka, ukakiweka kichwa chake mapajani mwako, ukamfuta damu kwa mtandio wako, ukamwomba asimseme mwanao. Akakubali, kwa sababu hajawahi kuwa na mama, na ulimwita mwanangu. Alinihadithia bila hasira. Mimi ndiye niliyetema chakula.

Sikuhukumu. Najua ni mwanao, najua ulimzaa kwa taabu, na najua jinsi baba alivyokuwa kwako katika nyumba hiyo hiyo. Lakini wewe uliona, na mbali na Salhiya na aliyempiga, hakuna mwengine duniani aliyeona. Mimi Jumatatu nitaifunga ndoa ile kwa ukweli wangu. Ya kuivunja kwa ukweli unayo wewe. Usipofika, atarudi Matemwe, na Yussuf akitoka rumande atamkuta huko, na safari hii kaburi halitakuwa la mtoto. Arubaini ya Yusra imebaki siku chache, mkwe wake yupo, hatakosa wa kumkanda. Njoo, mama. Njoo uende kwa Kadhi, useme ulichokiona ukiwa umeshika sinia.

Nisalimie Yusra na shemeji, na mtoto mbusu kwa ajili yangu, mumwombee dua awe mtu mwema, hasa kwa vile ni wa kiume. Khairat anakusalimu sana. Salhiya naye anakusalimu. Hajui ninachokuandikia, aliniona tu na kalamu akaniuliza nnamwandikia nani, nilipomwambia akasema nikuambie anakuombea safari njema ya kurudi.

Wasalaam,

Mwanao,
Tahiya